Kundi la Saa Mbili Limenyamaza

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi, pale njia mbili zinapokutana. Mimi ndiye muuza kahawa wa hapo. Wateja wangu wa asubuhi ni walewale: Kinyozi, anayesubiri vichwa; Shangazi, mshona nguo wa mlango wa pili, ambaye hata waliomzidi umri humwita shangazi; na Wakili, mlinzi wa ofisi, ambaye mahakama anaionea barabarani ila kubishana ndiko kunakomweka mjini. Wa nne alikuwa Rimoti, fundi wa televisheni. Macho yalipomfifia mpaka akawa hatofautishi waya mweusi na mwekundu, aliacha kazi, akahamia kwa binti yake mtaa wa mbali. Ndipo Kinyozi akafungua kundi kwenye simu, akaliita "Saa Mbili," ili mwenzao asikose baraza. Jioni taarifa ya habari ikianza, kila mtu kwake, vidole vinacheza: nani kavaa nini, waziri gani anatokwa jasho, na baadaye tamthilia. Rimoti alisomewa na binti yake, akajibu kwa kurekodi sauti. Simu yangu mimi ni ya vibonyezo, kwa hiyo sikuwemo. Ila kila asubuhi nilisimuliwa yote, tena mara tatu, kila mtu na tafsiri yake.

Halafu mtangazaji wao kipenzi akatoweka kwenye taarifa ya habari. Wakabishana kaenda wapi. Maneno yakapanda, yakatoka kwenye televisheni, yakaingia majumbani. Wakili akaandika kwamba Shangazi ndiye wa kuulizwa habari za kutoweka, maana mumewe naye alitoka kununua betri akapitiliza. Shangazi akajitoa kwenye kundi. Kinyozi akamporomoshea Wakili matusi, Wakili naye akajitoa. Kinyozi, kwa hasira, akayafuta maneno yote kabla Rimoti hajasomewa, akalifunga kundi lenyewe. Tangu hapo benchi likawa la zamu: akija huyu, yule anakumbuka ana kazi.

Asubuhi ninayoisimulia, mvua iliwabana wote chini ya bati moja.

— Muuza kahawa, alisema Shangazi, mwambie huyo mwenye sare asogeze mguu.

— Na wewe mwambie, alijibu Wakili, benchi halikushonwa kwa cherehani yake.

— Jamani, mimi ni birika tu, nikasema. Kupeleka barua sijasomea.

Kinyozi akaona heri alete habari ya kuwapatanisha.

— Yule dada wa taarifa ya habari nimepata uhakika wake. Ameolewa na tajiri. Mteja wangu ana shemeji anayefagia pale kituoni.

— Aolewe mara ngapi? akauliza Shangazi. Pete alikuwa nayo siku zote.

— Mwambie hajaolewa, Wakili akaniambia, kisha akasahau kwamba wamenuniana, akamgeukia mwenyewe. Yule alikuwa anatoa ishara kwa macho! Akifika kwenye habari za mafuta anapepesa. Anapepesa, anatulia, anapepesa. Wakubwa wakagundua. Ndiyo maana wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

— Hiyo inaingiaje hapo? Kinyozi akauliza.

— Ngamani ndiko walikompeleka.

— Nyie hamna macho, akasema Shangazi. Yule aliyewekwa mahali pake, mwenye miwani, ndiye yuleyule. Kabadilishwa sura, mabega wakayasahau. Fundi hadanganywi na bega. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Sasa nani kaliwa? akauliza Wakili.

— Sisi, tunaolipia king'amuzi!

Kinyozi akacheka, Wakili akacheka, na Shangazi akaficha mdomo kwa kikombe. Nikawaza, leo mambo yataisha.

— Rimoti angeamua hili kwa sikio tu, Kinyozi akasema.

— Mpigie basi, akasema Wakili.

— Nimwambie nini? Wewe ndiye uliyechafua hewa.

— Na kundi kafunga nani?

Simu ikabaki mfukoni. Ndipo akaja mwanamke mmoja ameshika mwavuli, viatu vimeloa, akasimama mbele yetu akitazama sura moja moja, kama anayetafuta watu anaowajua.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

— Hapa ndipo kwa Kinyozi? Mimi ni binti wa mzee mnayemwita Rimoti.

Wote watatu wakasimama kumpisha.

— Karibu, mama, karibu! Babako katajwa sasa hivi! Mzee hajambo?

— Baba amefariki jana asubuhi. Tunamzika leo alasiri. Nikaona hii si habari ya simu.

Wakili akavua kofia. Kinyozi akakaa polepole, kama mtu asiye na hakika benchi bado lipo. Shangazi ndiye aliyemshika binti mkono akamkalisha.

— Aliugua, mama?

— Kifua, shangazi. Hakulala kitandani sana. Mpaka juzi alikuwa anakaa kitini kwake, na saa mbili ikifika lazima niwashe.

Nikampa kahawa. Alikishika kikombe bila kunywa.

— Alikuwa akiniambia, sogea, nisomee wenzangu wanasemaje. Natazama simu, hakuna kitu. Namwambia, baba, leo hawajaandika. Anasema, umeme umekatika kwao, mtaa ule nguzo zake mbovu. Ukirudi watasema. Kesho yake hivyohivyo. Nikataka kuwapigia, akakataa. Akasema usiwasumbue watu walio gizani.

Kinyozi alikuwa anajifuta uso kwa taulo la kazini.

— Siku moja nikashindwa kumwambia tena kwamba hakuna kitu. Nikatunga.

— Ukatunga nini? akauliza Shangazi.

— Nyinyi. Nimewasoma muda mrefu, nawajua. Nikasema, Kinyozi anasema waziri kanyolewa upande mmoja, fundi kakimbia. Baba akacheka mpaka akakohoa. Nikasema, Shangazi anasema koti lile limeshonwa na mtu aliyekuwa anamdai. Akacheka tena. Ikawa kila jioni nakaa na simu imezimika mkononi, nasoma. Siku moja, nikihisi mmekosana, nikasema, Wakili anasema amekosea, anaomba radhi.

— Akasemaje? Wakili akauliza.

— Akanishika mkono, akasema, hapo umetia chumvi, mwanangu. Wakili ninayemjua hajafika huko.

Hakuna aliyecheka.

— Basi alikuwa anajua, akasema Shangazi.

— Alikuwa anajua. Nikaomba msamaha. Akasema, endelea tu, unasoma vizuri.

Akakiweka kikombe chini.

— Jioni yake ya mwisho, yule mtangazaji wenu akarudi.

— Karudi? Kinyozi akashtuka.

— Hamkumsikia?

Wakatazamana. Nikaelewa kwamba tangu ugomvi hakuna aliyewasha taarifa ya habari. Kila mmoja alikuwa amekaa kwake na ukuta.

— Baba alimtambua kabla hajajitaja jina. Akasema, huyo karudi, sikiliza sauti ilivyokwaruza, alikuwa anaumwa koo tu. Akafurahi kama mtoto. Akasema, waandikie wenzangu, wasikose usingizi bure. Nikajaribu. Kundi likakataa, linasema limefungwa. Nikamdanganya kwamba nimewaandikia na mmefurahi wote.

— Mungu wangu, akasema Shangazi. Akaanza kulia bila sauti, machozi yakimdondokea kwenye tepu ya kupimia iliyoning'inia shingoni.

— Sikuja kuwalaumu, wazee wangu. Baba aliwapenda. Ila kuna jambo moja nataka nilijue kabla hatujamzika, maana sikuweza kumwuliza yeye. Ilikuwa nini? Mlinyamaza kwa sababu gani?

Kinyozi akamtazama Wakili. Wakili akafungua mdomo, yeye asiyewahi kupungukiwa na neno tangu nimjue, akaufunga. Shangazi akatazama mvua. Na mimi, niliyesimuliwa mara tatu tatu, sikuona namna ya kumwambia mtu aliyefiwa kwamba ilikuwa ni mtangazaji, na koo lake.

Binti alisubiri. Alisubiri kwa adabu, akitugeukia mmoja mmoja.

Halafu Shangazi akaenda kufunika cherehani. Kinyozi akafunga mlango. Mimi nikazima jiko. Wakili akauchukua mwavuli, akaukunjua juu ya Shangazi na binti, yeye mwenyewe akitembea nje kwenye mvua, na Shangazi hakumfukuza. Tukaenda hivyo njia nzima mpaka msibani, na swali lile hakuna aliyelijibu.