Chuma Ni Ile Ile

NDUNGU: Haloo? Haloo? Nani huyo?

WAIYEGO: Ni dada yako. Nimeomba simu ya Kocha Kiprono, yangu imezima.

NDUNGU: Waiyego! Mbona unasikika kama uko ndani ya pipa?

WAIYEGO: Niko nyuma ya jikoni ya kambi ya wakimbiaji. Huku Kaptagat netiwaki ni ya kuvizia. Mathe ako aje?

NDUNGU: Ako poa, nimemtoa nje aote jua. Halafu skia, ile programu ya mazoezi ya kocha imeshika, manze!

WAIYEGO: Na vile ulilia ati uko na dambeli moja tu —

NDUNGU: Moja na mkebe wa simiti. Nachuchumaa nayo, navuta, nabadilisha mikono. Si unajua tangu miguu ya Mathe ikatae, kumtoa kitandani nilikuwa natetemeka kama ndama? Leo nimembeba swii! Kama mtoto.

WAIYEGO: Ngoja nimwambie kocha... (mikwaruzo) Anauliza kama chuma imekuwa nyepesi, uongeze.

NDUNGU: Bado. Chuma ni ile ile. Jana hata ilinishinda.

WAIYEGO: Ilikushinda?

NDUNGU: Si ni uchovu tu —

WAIYEGO: Ndungu. Kama chuma si nyepesi, ni nini imekuwa nyepesi? Mathe anakula?

NDUNGU: Anakula! Namwekea githeri hapo kwa dirisha, naenda kufungua duka. Nikirudi sahani ni safi. Imelambwa.

WAIYEGO: Imelambwa na nani?

NDUNGU: ...Simba amenona. Mpaka majirani wanauliza huyu mbwa tunampa nini.

WAIYEGO: Wooi, Maitu, mama yetu!

NDUNGU: Ni makosa yangu, Waiyego. Ile siku mgongo ulinishika nikiwa nimembeba, nikapiga nduru. Akaniambia, "Pole mwanangu, nimekuwa mzito." Nikadhani ni maneno tu.

WAIYEGO: Usianze kulia, na mimi nitalia mbele ya wakimbiaji. Mpatie simu.

NDUNGU: Mathe! Ni Waiyego! ...Anasukuma simu. Anasema nikuambie ameshiba.

WAIYEGO: Nani amemuuliza habari ya chakula?

NDUNGU: Hakuna.

WAIYEGO: Skia. Duka lifunge. Pika uji mzito, weka maziwa, ukae hapo mpaka —

NDUNGU: Akikataa? Unamjua. Nitamwambia nini?

WAIYEGO: Mwambie... (mikwaruzo) ...mwambie kocha amesema lazima uzito uongezeke. Na hapo nyumbani hakuna chuma ingine ya kuongeza ila yeye.

NDUNGU: Atacheka.

WAIYEGO: Acha acheke! Akifungua mdomo, weka kijiko. Haya, kredo ya simu ya watu inai—

(Tii, tii, tii.)

NDUNGU: Haloo? Waiyego? ...Mathe, wacha kuita mbwa.