Sekunde Chache za Rula

Benchi letu liko mkabala na duka la vifaa vya ujenzi, mafundi hungojea hapo kuitwa kazini. Asubuhi hiyo kahawa ilitupoea mikononi. Rula, mwashi wetu, alikuwa katika siku ya arobaini bila fahamu, akipumua kwa mashine tangu boriti imwangushe kutoka ghorofa ya pili. Saa nne familia ilitakiwa kumjibu daktari: mashine iendelee au izimwe. Nondo, mdogo wake, alikuwa ametoka kuonyeshwa picha za ubongo.

NONDO: Zinaonyesha damu inavyokimbilia sehemu zinazofanya kazi. Muda mwingi kila sehemu na lake. Halafu sekunde chache, nyingi zinawaka pamoja. Daktari anasema hizo chache ndizo zinazochora karibu ramani nzima, ipi imeungana na ipi.

ZEGE (mchanganyaji wetu wa saruji): Sasa si kama siku ya kumwaga slabu ya ghorofa? Ukitupima kutwa utaona watu wamekaa. Slabu inatoka kwenye yale masaa mawili ya kupokezana ndoo. Kaka yako yuko kazini mle.

BOMBA (fundi wa mabomba): Acha kumjaza mwenzio upepo. Bomba hutetemeka hata nyumba ikiwa tupu.

NONDO: Rula si nyumba.

BOMBA: Sijasema ni nyumba, ndugu yangu.

ZEGE: Mimi naona anajenga. Kila zikiwaka, tofali moja. Twendeni wote tukamhesabie sikioni, moja, mbili, tatu. Atashika mdundo, ataamka.

Nondo alikiweka kikombe chake chini.

NONDO: Siku ile alihesabu mwenyewe, kule juu. Tulikubaliana tuvute kamba ya boriti kwenye tatu. Wewe Zege ukavuta kwenye mbili. Na mimi nikakufuata.

Hakuna aliyekunywa tena.

Mke wa Rula alivuka barabara, bahasha ya hospitali kifuani. Tulimpisha akae. Hakukaa.

MKE WA RULA: Shemeji, wewe ndiye uliyeziona. Hizo sekunde zinapowaka pamoja, anaumia?

Zege alimwahi Nondo kujibu.

ZEGE: Muulize daktari, dada. Yeye ndiye anayejua.

MKE WA RULA: Nimemuuliza. Kasema hajui.

Alitungoja mpaka saa nne kasoro robo, kisha akaelekea hospitali kumjibu daktari. Nondo alimfuata, hatua kadhaa nyuma.