Mzee Mwinyimvua na Mabakuli ya Miau

Kwa miaka ishirini na sita Mzee Mwinyimvua amekuwa mnyapara wa wapagazi wa bohari letu hapa Bagamoyo. Mwisho wa mwezi huu wa Mfunguo Mosi, mwaka 1887, anapumzika na kurudi shambani kwake Miono.

Alama za kigeni zilizochorwa kwenye makasha hakuna aliyeweza kuzisoma, basi yeye alizipa majina: Mguu wa Kuku, Ngazi Imevunjika, Kanzu Inaanikwa. Akiita Kanzu Inaanikwa, kila mpagazi alijua kasha lipi na linakwenda kona ipi.

Jina moja lilimponza. Yalishushwa mabakuli ya Kichina, chini ya kila moja alama iliyojirudia mara tatu, moja juu na mbili chini. Alimwuliza mpishi Mchina wa meli ya moshi inasomwaje, akajibiwa: miau. Maana hakuuliza, aliona paka wa mji mzima wamekwisha kumweleza. Yakawa Mabakuli ya Paka.

Tajiri wetu alimpa Mzee machache kwa ajili ya harusi ya binti wa Mzee, aitwaye Mwanaharusi. Siku wakwe walipokuja kula, mpagazi mmoja akaropoka jina lile. Mwinyijuma, ami yake bwana harusi, akasukuma bakuli.

"Kumbe mmetuita mtulishe kama paka?"

Wakaondoka, na harusi ikasimama. Mwanaharusi akamnunia baba yake, naye Mzee akawa anapanga mizigo bila kuita jina lolote. Tulimhurumia sana.

Meli iliporudi, alimshika mpishi mkono hadi barazani kwa Mwinyijuma, wakazungumza kwa Kihindi cha bandarini, Mzee akimfasiria Mwinyijuma. Mpishi akasema alama hiyo ni adimu hata kwao, wengi hawaijui. Kusomwa, ni miau kweli. Lakini alama ndogo iliyorudiwa ndani yake mara tatu ni maji, na zote pamoja ni maji mapana yasiyoonekana ng'ambo.

Mwinyijuma alicheka hadi kofia ikamwanguka.

"Mwinyimvua ametuletea maji, tutakataaje?"

Ijumaa iliyofuata tulikula pilau ya harusi.

Leo mabakuli yaleyale yako mbele yetu. Anayepakua ni Mwanaharusi, na la kwanza amempa baba yake.

Mzee wetu, ahsante kwa majina yote, hata lile. Tunakuombea shamba lenye mvua, kisima kisichokauka, na usingizi usiokatizwa na miau.