Zablon Aanza Kuota

Mwaka ule wa tisini na sita, benchi letu lilikuwa mbele ya duka la fundi baiskeli mjini Awendo, mahali matrekta ya miwa hupunguza mwendo yakikaribia kona. Hapo tulikunywa kahawa ya tangawizi kila asubuhi: mimi, waliyeniita Mzee, Javan, aliyeitwa Wakili kwa kuwa aliwahi kutoa ushahidi barazani kwa chifu, Oyaro, aliyeitwa Nabii kwa kuwa aliwahi kuibashiri mvua ya mawe, na Zablon mkata miwa, ambaye kwa moshi wake wa bangi tulimwita Kiwanda. Alivuta miaka kumi na mitano. Msokoto mmoja ukawa miwili, miwili ikawa sita, na hiyo sita nayo ikawa haimtoshi. Sasa alikuwa na siku ya kumi na moja bila kuvuta. Alifika macho yamevimba, akatutangazia kwamba amemwamuru mkewe, Risper, apande gari la saa nne arudi kwao Sori.

— Amekosa nini? nikamwuliza.

— Mzee, ana Omwenga, yule dereva wa trekta.

— Umewafumania?

— Nimewaota! Siku tatu mfululizo. Jana alimmenyea papai. Mimi hajawahi kunimenyea papai!

Wakili akakohoa kwa heshima ya mahakama.

— Ndoto tatu ni mashahidi watatu. Chifu hutosheka na wawili.

— Lakini ni ndoto, Wakili, nikasema.

— Haba na haba hujaza kibaba, Mzee!

Nabii akafumba jicho moja.

— Kiwanda, hilo papai lilikuwa na mbegu?

— Tele.

— Basi hizo mbegu ni watoto. Watoto wa Omwenga.

— Wanangu wanne?

— Samaki mkunje angali mbichi, akasema Wakili. Yupo anayependa trekta?

— Wote wanapenda trekta! Zablon akalia, kahawa ikimmwagikia magotini.

— Umeona? akasema Nabii. Miaka kumi na mitano ya bangi, uliwahi kuota hata kuku?

— Sikuota kitu, omera, ndugu yangu. Nililala kama gogo.

— Bangi ilikuwa pazia. Umeacha, pazia limepasuka, Omwenga huyo!

Nilitafuta neno la kumtuliza, lakini mtu mwenye wivu masikio yake hukaa kwa mtu mwingine. Ndipo mgeni aliyekuwa akimsubiri fundi aizibe pancha ya baiskeli yake alipotusogelea. Jina lake Maroa, mchimba dhahabu wa Osiri.

— Siku ngapi, ndugu?

— Kumi na moja.

— Mimi niliacha mwaka juzi. Mwezi mzima niliota shimo likinifukia. Mbona niko hapa? Na jasho je?

— Usiku shuka hulowa, ungedhani limeopolewa ziwani.

— Asubuhi huamka juu ya shuka lililolowa?

— La. Huamka pakavu.

— Nani hulibadilisha?

Wakili alitazama barabara. Nabii alichungulia kikombe kitupu. Zablon aliinua macho. Saa ya ukutani mwa fundi ilionyesha saa nne kasoro dakika kumi. Ghafla akaipokonya baiskeli ya mgeni, akairukia, akashika njia ya steji ya magari, gurudumu la nyuma likigonga mawe.

— Haina upepo hiyo! akapiga kelele fundi.

Hakugeuka.