Kibuyu cha Baba Mukwe

Juu ya kamyo, lori la pamba la Mgiriki mmoja, kati ya Kabambare na Kasongo, Mama Régina alijifanya kusinzia ili asikie vizuri. Kijana Raphaël alikuwa akimlilia abiria mwenzake, mzee mnene aitwaye Dominique: leo anakutana na baba wa mchumba wake, na hajui ampeleke kunywa kwa mama muuza pombe yupi. "Kwa Léocadie iko pombe nzuri, baba. Lakini akionja mbele yako, kuonyesha hakuna sumu, anaonja mpaka kibuyu kinafika nusu!"

"Enda kwa Véronique, nasikiaga tu jina lake."

"Yule haonji kabisa! Anatua kibuyu, anaenda zake. Baba mukwe ataniona muchawi, na binti yake sitamupata."

Régina akauma pembe ya kikwembe alichojifunga, asicheke. Mmoja ana kiu, mwingine ana dharau, na posa ya mtu iko katikati.

Dominique akakohoa kidogo. "Mwanangu, twende wote kwa Véronique. Mimi nitawaonjea."

Raphaël akalitazama lile tumbo, juu hadi chini. "Samahani, baba. Wewe unaonjaga mpaka wapi?"

Kamyo ikafika, ikasimama. Dominique alishuka wa kwanza, tena upesi kwa mtu wa umri wake, akiuliza kwa Véronique wanapita wapi.