Mama Kona na Matundu Kumi na Moja

Wazazi wetu, ndugu, majirani na wote mliofanya kazi na marehemu, poleni sana. Jina lake kamili mnaliona kwenye jalada la ratiba mliyoishika. Hapa nitamwita kama alivyoitwa kazini na nyumbani, Mama Kona, maana nikimwita vingine naona kama nasoma habari za mtu mwingine. Mimi ni mke wa mwanawe wa mwisho. Aliacha neno kwamba nisome mimi. Alisema, "Asome huyo, maana anasoma polepole." Basi mnivumilie.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili kati ya watano. Baba yake alikuwa mlinzi wa ghala. Mama yake alijaza magodoro ya sufi na kuyashona kwa shazia, ile sindano nene ya magunia. Walilala chumba kimoja wote saba pamoja na magodoro ya watu, na hata uzeeni akisikia neno "sufi" alikuwa anapiga chafya. Shazia ya mama yake aliirithi, na nitaitaja tena.

Mwaka 1959 alianza shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alipenda hesabu na alipenda kuimba, lakini alichokisimulia zaidi ni somo la ushoni. Walipewa kila mtoto kitambaa cha mkono wakunje pindo. Mwalimu wa ushoni alikuwa akipita, anatazama, anasema neno moja: "Fumua." Marehemu alifumua mara saba, hadi kitambaa kikatoboka. Mwalimu akakiinua darasa zima likaona, akasema, "Kitambaa kimekwisha, wewe bado." Mwaka 1964, akiwa darasa la sita, mama yake aliugua kifua naye akaacha shule ili ashike magodoro. Lile neno "Fumua" alitoka nalo.

Tarehe 1 Februari 1970 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali kuu. Wenzake mliopo mnakijua chumba kile: mvuke toka asubuhi, sakafu haikauki, mikono inanuka dawa hadi Jumapili. Baada ya miaka sita alipewa kusimamia ukunjaji wa mashuka, na hapo ndipo alipopata jina. "Kona kwa kona!" ndiyo ilikuwa salamu yake. Shuka moja likipishana kona kwa upana wa kidole, rundo zima linarudi mezani. Mganga mkuu wa wakati ule aliwahi kumwambia, "Mama, wagonjwa wangu wanaogopa kujigeuza kitandani wasije wakakuudhi." Hakucheka. Alijibu, "Basi wamekaa vizuri."

Ni katika chumba hicho alikutana na baba mkwe wangu, fundi bomba wa hospitali. Bomba la nyuma ya mashine lilivuja mara nne ndani ya mwezi mmoja. Mara ya nne marehemu alishika kiuno akamuuliza, "Fundi, bomba hili linavuja au linavujishwa?" Akajibiwa, "Inategemea dada, kesho uko zamu gani?" Walifunga ndoa tarehe 22 Septemba 1973 na kujaliwa watoto watatu. Watoto wake wanasema nyumba ile ilikuwa na sheria kama wodi. Vitanda vinatandikwa vikaguliwe, na daftari likifutwafutwa ukurasa unaandikwa upya wote. Wifi yangu mkubwa aliwahi kukunja upya nguo zote za kabati kwa sababu ya soksi moja. Aliwapenda sana. Ila upendo wake ulikuwa na rula.

Novemba 2001 mashine ya kupigia pasi iliumeza mkono wake wa kulia. Vidole viwili vya mwisho havikukunjika tena maisha yake yote. Akapewa kazi ya kuandika mashuka yanayotoka na kuingia, hadi alipostaafu mwaka 2006. Nyumbani akawa mtu wa kukaa. Alikuwa na gunia la vitambaa alivyovikusanya miaka mingi: mashuka yaliyochakaa, sare za shule za watoto, pazia la zamani la maua, suruali za kazi za mume wake. Siku zote alisema akistaafu atashona blanketi la viraka. Siku alipojaribu, mstari ulikwenda huku na huku, kwa sababu mkono haukumtii. Akaomba wembe afumue. Mume wake akamwambia wembe haupo. Akatafuta kwenye kopo, akatafuta dirishani, mwisho akamwona mwenzake anajipapasa kidevu.

"Nimenyolea ndevu, nikautupa."

"Wembe wangu wa kufumulia?"

"Mama Kona, pale umeshashona. Twende mbele."

Alikasirika siku mbili. Siku ya tatu alishona kiraka cha pili juu ya kile kilichopinda, kikapinda zaidi, na mume wake anasemekana alimkuta anacheka peke yake, machozi yanamtoka. Kuanzia siku ile hakufumua tena. Kijani cha sare alikikalisha karibu na maua ya pazia, ukimuuliza kwa nini, anasema, "Wamependana." Blanketi lake halikuwa na pamba ndani, ni viraka juu na shuka kuukuu chini. Pembe zake nne hazikukutana hata ulifanye nini, na yeye aliyerudisha marundo ya watu miaka ishirini na mitano alikuwa analitandaza kwa wageni kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga. Mimi nilipoolewa mwaka 2019 sikumkuta yule wa rula. Nilimkuta huyu. Ndiye aliyenipokea mwanangu ili nilale kidogo, akawa anamfunika nalo, anamwimbia kwa sauti ambayo nayo haikunyooka.

Mwaka 2014 baba mkwe aliugua mapafu. Mwezi Mei hadi Julai alikuwa mtu wa kitandani, na kwa kukosa la kufanya akasema naye anataka kushona. Sindano ndogo zilimkatikia mkononi, vidole vya fundi bomba. Akapewa shazia. Akavuta uzi mweusi kutoka kona ya kichwani hadi kona ya miguuni, akikatiza blanketi lote. Mstari ule ulikuwa kama mtoto aliyetumwa chumvi akapitia kwa marafiki zake wote. Alipofika mwisho alisema, "Haya, na mimi nimefika kona." Alifariki tarehe 3 Agosti mwaka huohuo. Katika nyumba nzima, marehemu alikuwa akisema, mabomba yake yote yamebadilishwa, kilichobaki cha mkono wake ni uzi ule.

Hayo mimi sikuyajua. Nayasema hapa kwa sababu marehemu hakuwahi kunisema kwa mtu yeyote, na sipendi azikwe na aibu yangu.

Februari 2023 alilazwa wiki tatu kwa ugonjwa wa moyo. Nilitaka arudi akute kitu cha kumfurahisha. Nikalichukua blanketi nikalipeleka kwa fundi cherehani wa barabarani kwetu, nikamwambia anyooshe. Alifanya kazi nzuri mno. Alifumua, akapiga cherehani upya mstari kwa mstari, kona zikakutana. Kuhusu ule uzi mweusi aliniuliza, "Huu nao? Haushiki kitu chochote, umepita tu." Nikamwambia toa.

Marehemu alirudi tarehe 9 Machi. Alikaa kitandani, akaliweka mapajani, mkono wake ukaanza kutembea kutoka kona ya juu kushuka. Ukasimama. Ukarudi juu. Ukaanza tena.

"Nani kanyoosha?"

"Ni mimi mama. Nilitaka kukufurahisha."

Akasema, "Limependeza." Kisha akalikunja. Kona kwa kona, kama la hospitali, tena kwa mkono ule mbovu. Akaomba liwekwe juu ya kabati. Usiku akajifunika blanketi la dukani. Mume wangu ndiye aliyenieleza uzi ule ulikuwa wa nani. Nilikwenda kwa fundi mbio, lakini sakafu ya fundi hufagiwa kila jioni.

Miezi minne blanketi lilikaa juu ya kabati. Alikula nami, alicheka na mjukuu wake, alinibariki kila asubuhi, ila mkono wake ulikuwa unapapasa mapaja bila kujua, unatafuta. Mimi nilikuwa nauona.

Mwezi Julai nililitoa kulianika lisiingie nondo. Nililitundika kambani uani, jua la asubuhi likiwa nyuma yake. Yeye alikuwa kwenye kiti mlangoni. Mara akapiga kelele, "Simama hapohapo! Usilishushe!" Nikadhani moyo. Akaja anajikokota, akaweka kidole kwenye kitambaa. Nikaona alichokiona. Shazia ilikuwa nene. Uzi ulikuwa umetoka, lakini matundu yalikuwepo yote, na jua lilikuwa linapenya, tundu moja baada ya jingine, yanapinda, yanarudi, yanapitia kwa marafiki, hadi kona ya miguuni.

Akasema tu, "Kumbe bado anapita."

Tangu siku hiyo alianza kuyafuata. Alichagua uzi mwekundu. Aliingiza sindano katika tundu la mumewe, akatokea tundu linalofuata. Mkono ukikubali alishona matundu matano, sita. Ukikataa, wiki mbili zilipita. Jioni aliniambia, "Leo nimetembea naye hatua sita." Siku moja nikamwambia, "Mama, nikusaidie tumalize?" Akanitazama juu ya miwani. "Nani kakwambia nina haraka ya kufika?" Nilianza kulia, nikamwomba radhi kwa mara ya mia. Akanivutia karibu kwa vidole vile viwili visivyokunjika, akasema, "Mwanangu, ungemwacha pale ningekuwa namkalia tu kila siku. Sasa namshona. Nyamaza, nitungie uzi."

Mwezi wa Mei mwaka huu moyo ulichoka tena. Hakutaka kulazwa. Alifariki nyumbani asubuhi ya Jumatano, tarehe 19 Juni 2024, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu. Blanketi lilikuwa mapajani, sindano imechomekwa, uzi umetungwa. Mstari mwekundu ulikuwa umebakiza shibiri moja kufika kona. Nimeyahesabu matundu yaliyobaki. Ni kumi na moja.

Juzi wifi yangu mkubwa alisema limaliziwe, maana litawekwa juu ya jeneza na watu watatazama. Tukamwita fundi. Akaja, akalitazama, akaweka mikono yote miwili mgongoni. "Mimi tena? Hapana jamani. Nilishafumua mara moja." Wifi naye akaishika sindano. Akaishika kwa muda. Halafu huyu aliyefundishwa kukunja kabati zima kwa ajili ya soksi moja akairudisha palepale ilipokuwa, akasema, "Mama alisema hana haraka. Liachwe." Ndivyo mnavyoliona hapa mbele yenu, na sindano yake.

Marehemu ameacha watoto watatu, wakwe watatu, wajukuu saba, dada mmoja, wenzake wa chumba cha kufulia wasioweza kupita kwenye shuka bila kulinyoosha, na mjukuu wa mwisho ambaye tangu Jumatano analipapasa blanketi akitafuta mtu. Blanketi halitazikwa. Litarudi nyumbani, na matundu yale kumi na moja hatutayashona. Yeye amesimama kwenye tundu la mwisho lenye uzi. Baba yuko konani, anasubiri, kama alivyokuwa anasubiri zamu ya Mama.

Mama, ni hatua kumi na moja tu. Zitembee taratibu, zipinde utakavyo, hakuna atakayefumua. Ukifika kona, upumzike kwa amani.