Tochi Anaishika Nani?

Kijiwe cha mtaa wa Chuno kiko ubavuni mwa duka la vifaa vya umeme la Zuberi: benchi moja refu, bati la kukinga jua, na birika la kahawa linalobandikwa jikoni kila ikisha Alasiri. Mwenye duka wanamwita Lumeni, maana hasomi kitu duniani ila namba za lumeni, kipimo cha mwanga, kwenye maboksi ya taa. Jioni hiyo alikaa na Erasto fundi redio, ambaye ni Waya. Na Kasiani, mgambo mstaafu, ambaye ni Kamanda. Wa nne alikuwa Nassoro, dereva wa bajaji. Huyo uendeshaji wake ulimpa jina la Polepole.

Polepole alikuwa na shida ya kweli. Wiki iliyopita alikwenda kijijini Mpapura kumleta mama mkwe wake, Bi Sabra, aje kumwona mjukuu aliyezaliwa. Magharibi ikawakuta njiani, tairi la nyuma likapasuka penye kona. Nassoro akawasha tochi ya simu, akaibana kwa meno, akashika spana. Mara simu ikamponyoka, ikaanguka chini na kuzimika. Lori la korosho nalo likatokea konani. Bi Sabra akavua kanga yake ya juu, akasimama kando ya lami, akaipunga mpaka dereva akakwepa. Walifika salama, na mama wa watu hakumsimulia mtu. Ukimya ule ndio uliomchoma Nassoro. Kesho wangemla mbuzi wa akika ya mtoto, kisha amrudishe Bi Sabra Mpapura, na giza lingewakuta tena. Alitaka tochi ya kuaminika.

Pale kijiweni alisimulia pancha na lori. Habari ya kanga akaimeza.

Lumeni akaleta tochi nene kama mchi, akadai mwanga wake ukipigwa pwani ya Ufukoni wanaanika nao samaki Msumbiji.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, akasema, akiipapasa. Hii imetoka China kuja kutuponya.

Waya hakuitaka. Tochi ya kuchaji, alisema, ikikuishia porini utaichomeka kwenye mkorosho? Bora inayokula betri za dukani. Halafu mwanga mkali wa mbali unaita tembo. Wanavuka Ruvuma wakidhani kumekucha. Kamanda akawasikiliza kwa huruma. Kwake yeye mwanga ni nyongeza tu. Tochi iwe ya chuma, ndefu, nzito.

— Chanda chema huvikwa pete, akasema, na bajaji njema hupewa rungu.

Akaongeza kuwa ikiwa na kimulimuli chekundu na cha buluu, malori yote yatadhani ni polisi na kusimama yenyewe. Lumeni akaanza kutafuta kimulimuli.

Hapo akatokea Bi Sabra, anatoka kununua iliki ya pilau ya kesho. Wote wakainuka.

— Shikamoo mama.

— Marahaba, wanangu. Mnauza nini?

Lumeni akamweleza shida ya mkwewe, na sifa za tochi moja moja. Bi Sabra akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole:

— Sasa tairi likipasuka, mikono yote miwili iko kwenye spana. Tochi anaishika nani?

Lumeni, aliyeuza tochi miaka yote hiyo, akaonekana kama mtu aliyeulizwa jina la babu yake akalisahau. Bi Sabra hakuwa na mzaha; alisimama akisubiri jibu.

— Hakuna, mama, Nassoro akasema, macho chini. Wewe ulikuwa na kazi ya kulizuia lori kwa kanga.

Vichwa vikamgeukia Bi Sabra. Yeye akafunga vizuri kijaluba chake cha iliki.

— Basi mtafutieni isiyotaka kushikwa, akasema, akaenda zake.

Lumeni akaingia dukani, akarudi akipangusa vumbi kwenye tochi ndogo ya kuvaa kichwani, yenye mkanda wa mpira. Betri zake za kawaida, Waya akaridhika. Nassoro akaivaa, akalala chini ya bajaji yake: mwanga haukwenda mbali, ila ulitanda, nati zote akaziona. Waya akataka kujua kama inaingia maji. Akaimiminia kahawa yote iliyobaki birikani. Taa haikuzimika. Kahawa ndiyo iliyokwisha, wakatawanyika bila kinyongo.

Kesho yake walifika Mpapura giza limeingia, na tairi hata moja halikuwasumbua. Njia ya kwenda kwa Bi Sabra ni nyembamba, bajaji haipiti. Nassoro akataka kumbebea kapu la pilau. Bi Sabra akakataa, akanyoosha mkono kuomba tochi, akaivaa juu ya mtandio. Akatangulia, kapu mikononi, mwanga ukitembea mbele yake juu ya majani makavu ya mikorosho.

— Njoo, mwanangu, akaita bila kugeuka. Huku kunaonekana.

Nassoro akamfuata.